Swali la Saa Saba na Dakika Arobaini

Jumatatu, 4 Machi

Mafunzo siku nzima kwa sisi wapya wa dawati la msaada wa mitambo ya maduka. Bwana Abrenica, mkufunzi, amechora visanduku vinne ubaoni: watu, habari na teknolojia, washirika na wauzaji, mtiririko wa kazi. Akauliza: printa ya duka imekufa, nani mkosaji? Tukajibu, printa. Akasema hapana — nani alifundishwa kuitumia, fundi gani ana mkataba, ombi linapita mikono mingapi. Ukitazama upande mmoja tu, utaitengeneza printa na duka litaendelea kukwama.

Mtihani Ijumaa. Nisipofaulu, miezi yangu sita ya majaribio inaishia hapo.

Dada Analiza, kiongozi wa zamu yetu, alipita nyuma yangu. "Nakili tu, mdogo wangu. Huyo hajapokea simu ya mteja tangu uzaliwe."

Jumanne, 5 Machi

Saa nne asubuhi, tiketi, yaani ombi la msaada, kutoka duka la dawa, mjini Tagbilaran. Bi Leonila, muuzaji: kioo cha friji kinaonyesha nyuzi nne tu, hakibadiliki hata akiacha mlango wazi. Kipimajoto ni cha kampuni nyingine. Nimewapigia mara tano. Kimya.

Mkataba unatupa muda wa saa nne kutatua, yaani mpaka saa nane. Saa saba na nusu bado sina kitu.

"Mrudishie swali," Dada Analiza akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye wali wake. Ndivyo tunavyofanya wote. Ukimuuliza mteja kitu, tiketi inahesabiwa kuwa inamsubiri yeye, na saa ya mkataba inasimama. Saa saba na dakika arobaini nikaandika: Tafadhali thibitisha kama tatizo bado lipo.

Ubao wa tiketi ukabaki kijani, hakuna iliyochelewa. Dada Analiza akanigongea bega. Nikatoka saa kumi na moja kamili.

Jumatano, 6 Machi

Bi Leonila alijibu jana saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. "Bado lipo. Ndani kuna insulini." Hakuna aliyeona. Tiketi inayomsubiri mteja haitokei kwenye ubao wa zamu ya jioni.

Asubuhi friji ilikuwa nyuzi kumi na tisa. Kioo bado kinasema nne. Insulini yote imetupwa. Wagonjwa kumi na wanne wanasubiri nyingine ije kwa meli.

Sikula mchana.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepewa fomu ya uchunguzi niijaze, kwa kuwa tiketi ni yangu. Visanduku vinne, vilevile vya ubaoni. Teknolojia: kipimajoto kiliganda. Wauzaji: hawakupokea simu. Mtiririko: hakuna kasoro — Dada Analiza ndiye aliyeniambia niandike hivyo. Watu: mteja alichelewa kujibu.

"Si uongo," alisema. "Soma saa. Uliuliza saa saba na dakika arobaini, amejibu jioni. Umemsingizia nini?"

Nilifungua tiketi zangu za mwezi. Tisa nimezisimamisha kwa swali katika nusu saa ya mwisho kabla muda wa mkataba haujaisha. Nikafungua za zamu nzima. Nikazifunga haraka.

Saa tisa Bi Leonila akapiga simu mwenyewe.

"Wewe ndiye Junrey? Sauti ya mtoto kabisa."

"Ndiyo, mama."

"Bosi wangu ameonyeshwa karatasi inasema nilichelewa. Nilikuwa peke yangu kaunta, mwanangu, foleni mpaka mlangoni. Na lile swali lako lilikuwa la nini? Si nilishakwambia asubuhi?"

Nilisema nitafuatilia. Ndicho tunachofundishwa kusema.

Kumbe fomu imeshatumwa kwa bosi wake kabla sijaimaliza.

Ijumaa, 8 Machi

Mtihani asubuhi. Swali la kumi na moja: huduma ikishindwa, upande upi uchunguzwe kwanza? Jibu: zote nne kwa pamoja. Nimefaulu. Bwana Abrenica amenipa mkono.

Saa nane, kikao. Meneja wetu, Dada Analiza, mimi. Kwenye skrini kubwa, kando ya fomu yangu, bosi wa maduka na Bi Leonila pembeni yake, amevaa sare. Bosi akasema wazi: kama kosa ni la mfanyakazi wake, leo ndiyo siku yake ya mwisho. Meneja akauliza swali lile liliulizwa kwa sababu gani. Dada Analiza akajibu, "Utaratibu wa kawaida." Meneja akanitazama mimi. Nikasema ninaomba maji.

Dakika kumi za mapumziko. Ninaandika hapa nje, laptopu magotini. Fomu bado inakubali kubadilishwa. Nimefuta maneno matatu kwenye kisanduku cha watu. Nimefuta "hakuna kasoro" pia. Sasa ninahesabu upya tiketi za zamu nzima zilizosimamishwa katika nusu saa ya mwisho: thelathini na moja kati ya arobaini, na tisa kati ya hizo ni

Dada Analiza amefungua mlango. Anauliza mbona visanduku viwili vimekuwa vitupu kwenye skrini kubwa. Wote wanaviona. Anasema, "Junrey, rudisha. Rudisha sasa hivi, mdogo wangu," kwa sauti ya chini kabisa, na mimi nimeanza kuandika katika kisanduku cha nne, cha mtiririko: Saa saba na dakika arobaini, ili saa isimame,