Sidii ya Mama Yenu Ichomwe Polepole

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Nimewahi kazini.

Ile sidii ya nyimbo za mama yenu ichomeni upya. Mjomba wenu, mzee wa haraka, alichagua spidi ya juu kabisa. Jana asubuhi nikaipeleka kwa bibi, kwenye redio yake ikakwaruza, ikarukaruka, ikakatika pale mama yenu anapocheka. Bibi akaniuliza, "Mbona mmemnyamazisha tena mwanangu?"

Chagueni spidi ya nane. Chukueni diski mpya, na msiiguse kompyuta mpaka imalize. ~~Jioni nitampelekea.~~ Mpelekeeni nyinyi, mkae naye akisikiliza. Tangu tumzike, mimi nikiisikia sauti ile bado naitika.

Baba