Jina la Mamangu Limenikwama Kooni

Ijumaa, mwezi wa sita, 2016. Al Thumama, Doha.

Vumbi limeficha jua tangu asubuhi, na mimi siko sawa. Sijui hata nianzie wapi.

Ni mtoto wangu, huyo mmoja tu niliye naye, anayefundisha chuo kikuu huko nyumbani Kenya. Ndiye alinifungulia ukurasa huu mtandaoni, akanifundisha kuuandikia, ndio nisiwe nikiongea na kuta za nyumba ya Madam ninayemfanyia kazi. Nadhani hakuna mwingine anayeusoma.

Jumanne alinipigia nikipiga pasi. Akasema, "Mum, nimewaambia kazini, sasa nakwambia wewe. Mimi ni mwanamke. Nimekuwa hivyo tangu nikiwa mdogo, nilikuwa naogopa tu."

Mkuu wa idara amemwambia asiingie darasani kwanza mpaka wakae kikao. Wenzake waliokuwa wakinywa chai naye ofisini sasa hawaitikii hata salamu.

Kisha akaniambia jina alilochagua. Wambui.

Hilo ni jina la mamangu. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, ndiyo maana nilimwita Njoroge. Msichana wa kwanza pia ni wa upande wa baba. Mamangu angengoja wa pili. Sikupata msichana hata mmoja. Nililia miaka mingi kwamba mamangu amepotea hivyo, bila wa kuitwa yeye. Nililia mbele ya huyu mtoto. Kumbe alikuwa akisikia.

"Niite mara moja tu, Mum. Nisikie kwako."

Nikamwambia nguo inaungua.

Haikuwa inaungua.

Leo ni ofu, siku yangu ya kupumzika, nikaenda maombi na wanawake wa kwetu. Hao ndio walinipikia chapati na kuniimbia mtoto wangu alipopata udaktari wake wa vitabu. Hapa Doha hakuna anayejua jina langu la kitambulisho, mimi ni Mama Njoroge basi. Mmoja wao ana binti anayesoma chuo hicho hicho anachofundisha mtoto wangu. Alikuwa na picha kwa simu, lazima ilipigwa kabla hajazuiwa darasani: mwalimu amesimama mbele ya ubao, amevaa rinda la bluu.

"Kumbe daktari wako siku hizi ni wa marinda?" akasema. "Sasa tukuite Mama nani?"

Wakacheka. Hata mimi nilijaribu kucheka.

Nikasema, "Huyo si wangu. Wamefanana tu."

Simu ikalia hapo hapo mapajani mwangu. Ni yeye. Nikaigeuza kifudifudi, wimbo wa maombi ukaanza, simu ikalia mpaka ikachoka.

Nimerudi nikajifungia bafuni, nikafungulia maji Madam asinisikie, nikajaribu kulisema hilo jina. Linatoka kama namwita mamangu kaburini. Nimelia, nimejaribu tena, likatoka afadhali kidogo. Nikampigia.

Simu imezimwa.

Napiga, napiga, imezimwa. Nitampigia nani mwingine, na nimwambie nini? Pasipoti yangu iko kabatini kwa Madam. Siwezi hata kwenda kumgongea mlango. Mungu wangu, huyu mtoto yuko peke yake ndani ya nyumba yake huko Kenya, na neno la mwisho alilosikia kwangu ni la pasi.

Kesho nitapiga tena kabla sijawapikia watoto wa Madam chai. Lakini kama utapita hapa kwanza, soma.

Wambui. Ni mum. Washa simu.