Mstari Mwekundu Juu ya Mlima

Kaka yangu,

Baba mdogo amepiga simu kutoka mjini Baraka. "Jumamosi tunafanya matanga. We karani, leta foto ya kaka yako. Matanga bila foto iko namna gani?"

Nimetafuta. Ulipiga picha harusi za nusu ya watu wa Fizi, lakini yako mwenyewe hakuna hata moja.

Iliyopo ni ile ya nyota, tuliyoianza nyuma ya nyumba kabla hujaondoka kwenda Bibokoboko kupiga picha za harusi. Uliielekeza kamera milimani, ukaiacha ijipigie, picha moja baada ya nyingine. Mimi niliogopa askari wa doria wasije wakaiona taa yake ndogo. Ulinicheka.

"Kaa hapa, usiiguse. We ukitetemeka, nyota zitacheza ndombolo."

Ukawasha pikipiki kabla hapajakucha, ukapanda mlima. Tangu hapo simu yako haipatikani, na wanaoshuka kutoka juu hawana habari zako.

Jana nilizipanga picha zote kwenye kompyuta ya bureau ninakofanya ukarani, moja juu ya nyingine, kama ulivyonifundisha: kila mahali, mwanga mkali kuliko yote ndio unaobaki. Nyota zilizokuwa nukta zikawa mistari mirefu inayoshuka nyuma ya mlima. Chini yake kuna mstari mmoja mwekundu, unapanda. Ni taa ya nyuma ya pikipiki yako. Kwenye kona ya juu ya barabara unakatika.

Sheria yako ilikuwa kwamba picha yenye taa ya barabarani inatolewa, inachafua kazi. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe cha kufuta. Sikuweza.

Ninaogopa pia kuipeleka. Baba mdogo ataizungushia maua, na mimi nitakuwa nimekubali kwamba umekufa.

Baada ya kona ile kamera iliendelea hadi betri ikaisha, kukiwa bado giza. Chini ya nyota picha hizo ni nyeusi, hazina taa yoyote barabarani. Niliziweka nazo juu ya zako, nikihofu zitakufunika. Hazikukufunika. Katika kazi hii giza halifuti kitu.

Basi Jumamosi nitashuka Baraka. Picha nitampa mama mkononi, si mezani pa matanga. Baba mdogo atakasirika, atauliza mbele ya watu wote uso wako uko wapi. Sauti yangu itatetemeka, unanijua. Nitamwambia hauonekani kwa sababu ulikuwa unatazama mbele.

Kamera yako nimeichaji.

Mdogo wako,
yule muoga