Ukuta wa Stoo Unaliwa

Jumatatu, 4 Machi

Nimechonga penseli. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alituambia herufi zisipotumiwa zinatoroka, na zangu zimeshaanza — jana nimeitafuta dh kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Basi naandika. Hasomi mtu hapa. Nikijisifu, najisifu kwa raha zangu.

Mke wa mwanangu yuko kwangu, mjamzito. Mwanangu ni dereva wa lori, yuko safari ya mbali. Kamshusha hapa na begi lake na cherehani. Mimba ya kwanza ilitoka mwaka jana. Hatuizungumzii. Mlangoni akaniambia, baba, nakuachia wawili. Nikamjibu, kwangu hata kuku hapati mafua! Ninaye kuku mmoja. Anapiga chafya tangu juzi.

Leo nimempeleka kliniki. Muuguzi ni binti mdogo, akawa anawafundisha akina mama vyakula. Nyama iive mpaka katikati. Mayai yaive, kiini kisichuruzike. Maziwa yachemshwe. Matunda na mboga vioshwe. Papai bichi hapana. Pombe hapana kabisa. Maini kidogo tu, si kila siku. Nikanyoosha mkono. Nikasema mimi nimelelewa kwa maziwa yatokayo kiweleni moja kwa moja, na nusu ya nyumba za mtaa huu nimezijenga mimi.

"Mzee," akasema, "kwani mjamzito ni wewe?"

Benchi zima likacheka. Mkamwana wangu naye, ndani ya mtandio. Nimemsikia.

Jumanne, 5 Machi

Nimempikia yai mwenyewe. Mimi yai nalipenda linalotikisika. Kalitazama kwa adabu. "Baba, naomba lirudi jikoni kidogo." Nikalirudisha kwa hasira, nikalisahau. Lilipotoka ungeweza kulijengea msingi. Kalila lote.

Maini niliyonunua, bakuli zima, kala vipande viwili. Mengine nimeyamaliza mimi ili kumuonyesha muuguzi asiyekuwepo. Nimeshinda chooni.

Na vidonge vyake vya damu nilikuwa nampa na chai nzito. Kumbe karatasi inasema chai ikae mbali na vidonge! Nimeisoma leo, herufi moja moja. Nimekuwa nikimpa dawa kwa mkono huu na kuinyang'anya kwa mkono mwingine.

Alhamisi, 7 Machi

Siku nzuri. Leo nimesifiwa.

Nilikuwa nanyunyizia maji ukuta wa stoo ili nizibe ufa. Nyumba yangu ni ya matofali, lakini stoo nimeikandika udongo, na udongo ule hakuna fundi aliyebaki anayeujua. Mkamwana akaacha cherehani, akaja kusimama mlangoni. Akavuta pumzi.

"Baba, unanukia vizuri."

"Nini?"

"Ukuta."

Nikanyooka! Tangu marehemu mke wangu aseme umepinda, hakuna aliyewahi kuusifu. Nikamweleza kila kitu. Udongo wa kichuguu, nauchekecha mara mbili, unakuwa laini kama unga wa uji, haukwaruzi hata ukiuweka ulimini. Akanisikiliza mpaka mwisho! Akameza mate. Akauliza, na huu wa ndani ni huo huo? Nikamwambia wa ndani ndio bora zaidi.

Mwanangu kaoa mtu mwenye macho.

Ijumaa, 8 Machi

Panya! Nyuma ya gunia la mahindi ukuta umechimbwa. Tundu la ngumi. Mahindi hayajaguswa. Panya gani anaacha mahindi anakula ukuta?

Jirani yangu tunamwita Betri kwa sababu ya pikapu yake, ambayo bila kusukumwa haiwaki. Nimemuonyesha. Kosa. Kacheka mpaka kakaa chini. "Fundi Timazi!" Ndivyo wanavyoniita, kwa ile kamba yangu ya kupimia kuta. "Wewe si ulituapia panya akiutafuna ukuta wako anang'oka meno?" Ni kweli niliapa. Harusini kwa mtu, mbele ya watu.

Nimemwambia akimwambia mkamwana wangu, pikapu atasukuma peke yake mpaka afe. Mtoto wa watu kausifu ukuta jana tu. Nimwambie leo unaliwa na panya?

Jumapili, 10 Machi

Mtego umenasa. Umenasa kidole changu cha mguu.

Mkamwana kauliza mbona baba anachechemea. Nikasema ni uzee. Mimi! Nimesema uzee kwa mdomo wangu, ili nisiseme panya.

Matundu sasa ni mawili.

Jumatatu, 11 Machi

Kliniki tena. Wamempima damu. Imepungua. Kuna neno refu kaliandika muuguzi kwenye kadi, mimi nimeandika damu. Kamfunua kope, kamtazama kucha. Kauliza anakula nini. Nikajibu mimi: mboga za majani, maharage, nyama iliyoiva mpaka imelia, chungwa kila siku. Kweli tupu, mpishi ni mimi.

Muuguzi akamgeukia yeye. "Dada, na udongo je? Hamu ya udongo, chokaa, mkaa? Usione haya, wengi wanapata. Udongo unaiba damu, una minyoo, una mambo."

Mkamwana akafungua mdomo. Nikawahi mimi.

"Udongo! Mkamwana wangu ale udongo? Nyumbani kwangu? Kwangu chakula kinamwagika, binti!"

Akaufunga mdomo. Muuguzi akamuuliza tena. Akasema hapana, sili.

Nimetoka pale kifua mbele kama jogoo. Njiani alitembea hatua kumi nyuma yangu. Nikadhani amechoka.

Jumanne, 12 Machi

Nimepata dawa. Duka la mbegu na pembejeo, punje nyekundu kwenye pakiti. Muuzaji kasema panya hafi papo hapo, damu inaacha kuganda taratibu, anakwenda kufia mbali. Kasema ninawe mikono, niiweke mbali na watoto na kuku. Nikamwambia mimi si mtoto.

Lakini panya huyu chambo hali. Anakula ukuta. Hapo ndipo ufundi! Nimezisaga punje, nimezichanganya na udongo wangu uliochekechwa, nimeziba matundu yote mawili, nimelainisha kwa mwiko mpaka huoni palipozibwa. Nani mwingine angewaza hivi? Nimefanya wakati mkamwana amekwenda kupeleka nguo za mteja. Hajui kitu. Hatajua.

Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Jumatano, 13 Machi

Leo sijali herufi.

Asubuhi nimekwenda kuhesabu mizoga. Hakuna mzoga. Kiraka kimekwanguliwa. Nikapiga magoti, nikasema huyu panya ni shujaa. Kisha nikaangalia kama fundi. Nimekaa na kuta tangu ndevu hazijaota — alama ya jino naijua, alama ya patasi naijua. Hizi zilikuwa nyembamba, za mviringo, zimepita juu kwenda chini, moja kando ya nyingine, kwa adabu.

Panya hana kijiko.

Kijiko kilikuwa nyuma ya gunia. Cha chai. Kimefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha mteja.

Nikakaa palepale sakafuni. Wa ndani ndio bora zaidi, nilimwambia. Laini kama unga wa uji. Nilimsomea mapishi! Na muuguzi kaja kuuliza ana kwa ana, nikamzibia mtu njia na kifua changu cha jogoo.

Baba mkwe anamuulizaje mke wa mwanawe anaweka nini mdomoni? Sijui. Nilivua kofia, nikaenda alipokuwa akishona.

"Mama."

"Naam, baba."

"Ule ukuta wa stoo."

Cherehani ikasimama. Hakuinua uso. "Nisamehe, baba. Nilitaka kuuziba."

Auzibe yeye! "Nimeshauziba mimi," nikamwambia. "Jana. Na dawa ya panya ndani yake. Nilidhani ni panya."

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile. Nikamuuliza kala lini. Jana jioni, na leo alfajiri kidogo. Kiasi gani? Akanionyesha kwa kidole gumba, mpaka kwenye kifundo.

"Ulikuwa mchungu," akasema. "Nikajua baba leo kakosea kuchanganya."

Na mimi — nani atasadiki — damu ya mtu iko hatarini na ya mtoto, na moyo wangu ukachomeka kwamba nimeambiwa nimekosea kuchanganya! Nilitaka kubisha! Hicho ndicho kichwa nilichonacho. Tofali bichi.

Betri katupeleka. Nimesukuma pikapu na kidole changu kibovu. Njia nzima Betri hakutania hata mara moja, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Hospitali walitupokea mbele za watu. Dawa gani, nani kaiweka, wapi? Nikatoa pakiti mfukoni. Mimi, nikasema. Ukutani. Mama mmoja kwenye foleni akauliza, ukutani? Nikasema ndiyo mama, ukutani, sikia vizuri, mimi ndiye.

Daktari kasema pakiti imesaidia. Wamechukua damu. Moyo wa mtoto wametusikilizisha kwenye mashine, unakwenda mbio kama cherehani. Damu ya leo inaganda. Lakini sumu hii haina haraka, inakaa kimya kwanza. Alale wodini, wapime tena Ijumaa.

Alhamisi, 14 Machi

Nimempigia mwanangu. Nimejikwaa mara mbili kabla ya kulisema. Nikasikia breki za lori.

"Baba. Anakula ukuta wetu?"

"Anakula."

"Na wewe ukautia sumu."

"Nikautia."

Kasema anageuza lori. Hakunitukana. Ningependelea anitukane.

Wodini nimempelekea maharage na mchicha. Nimeuosha mchicha mpaka umekuwa mweupe. Kaniambia hamu ilianza wiki aliyofika, kwamba anaamka mate yanamjaa, kwamba alitaka kumwambia muuguzi Jumatatu. "Nilikuwa nimeshafungua mdomo, baba." Basi. Nikawa nachambua mchicha ambao umeshapikwa.

Kaniuliza, na hii nayo ikitoka? Mara ya kwanza kuitaja ile nyingine. Mimi nina jibu la kila kitu, muulize yeyote mtaani. Nikamshika kidole kimoja. Nikaona ni sawa, hakukiondoa.

Jioni nimeubomoa ukuta wa stoo. Wote. Betri kabeba udongo kuuzika mbali na kuku. Stoo sasa ina macho, unaona mpaka kwa jirani.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali. Asubuhi wamechukua damu, tunasubiri daktari. Watu wananitazama kama karani. Waache.

Lipu ya ukuta huu imebanduka, ndani udongo unaonekana. Fundi aliyeupiga angefungwa. Mkamwana alipotolewa wodini alikaa upande wa ukuta. Nikaona macho yake yanakokwenda.

"Natazama tu, baba."

"Najua."

"Wala si mzuri. Una mchanga."

Nimemwomba tubadilishane nafasi. Sasa ukuta uko mgongoni kwangu, na nashukuru Mungu kanipa mgongo mpana. Kacheka. Kidogo, puani, lakini nimesikia.

Wanamwita. Kanishika mkono wa shati. "Twende wote, baba. Ila ukisikia nimeulizwa mimi, usinijibie."

Tumo ndani. Naendelea kuandika magotini ili mdomo usipate nafasi. Daktari kaweka karatasi ya majibu mezani, kaifunika kwa kiganja, bado hajaigeuza. Kwanza anauliza. Tangu lini, mara ngapi, anajisikiaje sasa. Anamuuliza yeye. Sentensi tatu nimezimeza, chungu kuliko ule ukuta. Na yeye anajibu — polepole, mwenyewe, uso juu — tangu siku ya kwanza, gunia, ukuta wa ndani, kila kitu, hata kijiko —