Alama ya Sindano kwenye Sarafu za Baba Njeri

Jumapili, katikati ya Julai. Ngoingwa.

Baridi ya leo imeingia kwenye mifupa na kukataa kutoka. Jua sijaliona tangu Alhamisi, na nguo nilizofua jana bado zinadondosha maji kwenye kamba. Sikuenda kanisani. Niliwatumia kina mama wa kikundi ujumbe kwamba nina homa.

Sina homa. Nina aibu.

Wacha niandike jinsi ilivyokuwa, kwa sababu hapa ndani sina wa kumwambia, na Njeri, binti yangu, nikimpigia atasema tu, "Mum, si nilikuambia." Kweli aliniambia.

Mume wangu, Baba Njeri, ametimiza miezi kumi na mmoja tangu atuache. Aliniachia mkebe wa biskuti uliojaa sarafu za kumbukumbu, zile zinazotengenezwa nchi ikiadhimisha jambo kubwa. Ziko arobaini na nane. Aliniachia pia daftari la shule lenye orodha ya zote alizotaka, kurasa sita, akiweka tiki kwa kila aliyoipata. Tiki hazikufika hata ukurasa wa tatu. Wiki yake ya mwisho aliniambia, "Usiziache zitawanyike." Nilimwambia sitaziacha.

Nilifikiri ni ahadi rahisi. Mkebe una kifuniko.

Halafu akaja Kamande.

Kamande anaishi Membley, kule Ruiru, na Jumamosi moja kila mwezi wakusanyaji wachache hukutana sebuleni kwake. Baba Njeri alikuwa mmoja wao. Alipougua, Kamande alikuja hapa nyumbani mara tatu, na kila mara alileta mkate na maziwa. Ni mtu mpole, anayezungumza kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Mwezi wa tano alinipigia simu kunijulia hali, kisha akaniambia jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. Alisema nisihangaike kumaliza ile orodha ya mzee. Nichague sarafu saba tu, niziweke vizuri, nizijue. Zingine niwaachie wakusanyaji wenzake wanaozitafuta.

Saba, kati ya arobaini na nane!

Nimeshona nguo za watu Thika kwa miaka mingi, na nimejifunza kitu kimoja kuhusu wateja. Mtu akikuambia kitambaa chako ni kingi kuliko unachohitaji, jua ameshapima kipande chake kwa macho. Nilijiuliza, huyu anayehimiza watu wakusanye kidogo, kile kinachoachwa kinaenda kwa nani?

Usiku huohuo sikulala vizuri, na asubuhi nilichukua daftari na kulinganisha na mkebe. Zote zenye tiki zilikuwepo isipokuwa moja. Sarafu ya shilingi tano yenye pembe tisa, ya miaka kumi ya uhuru. Hiyo ndiyo Baba Njeri alikuwa anaipenda kuliko zote. Nilitafuta kwenye makoti yake, kwenye Biblia yake, hata ndani ya soksi. Haikuwepo. Nikakumbuka kwamba mara ya mwisho Kamande alipokuja walikaa wawili sebuleni, mimi nikiwa jikoni napika chai, na mkebe ulikuwa mezani kati yao.

Njeri aliniambia, "Mum, usianze. Huyo mzee aliwaletea mkate." Nikamjibu kwamba mkate ndio bei rahisi ya kuingilia nyumba ya watu. Sasa nikilisoma neno hilo naona jinsi lilivyo baya. Lakini nililisema.

Kamande alipozidi kunialika Ruiru nilikubali, ila nilijiandaa. Sisi mafundi tuna desturi. Ukishona sare za shule za watoto thelathini, zote rangi moja, unaweka alama ndogo ndani ya ukosi, mshono mmoja wa pembeni ambao ni wewe tu unaujua. Mama akija kulalamika kwamba amebadilishiwa sweta, unaangalia alama yako, maneno yanaisha. Basi Jumatano mchana niliketi mlangoni penye mwanga, nikachukua sindano ngumu ya kushonea gunia, na kila sarafu nikaikwaruza mstari mmoja mfupi karibu na mwaka wake. Zote arobaini na nane. Nilijisifu. Nilisema, sasa abadilishe tuone.

Jana nikaenda.

Getini Membley mlinzi aliandika jina langu na namba ya kitambulisho, akaniuliza kilichomo kwenye mkebe. Nikamwambia biskuti. Sijui kwa nini nilidanganya hata yeye.

Sebuleni kwa Kamande tulikuwa watano. Mezani walitandika taulo, ili sarafu ikianguka isigongane na mbao. Nikaona jambo ambalo Baba Njeri hakuwahi kunieleza. Hawa watu hawapeani sarafu mkono kwa mkono. Mmoja anaiweka chini kwenye taulo, anaondoa mkono, ndipo mwingine anaiokota kwa ukingo. Ni ili isidondoke kati ya mikono miwili, lakini mimi nilifikiri hawaaminiani. Nikasema moyoni, kumbe hata wao wanajuana.

Mutua, muuza nafaka kutoka Kimbo, aliuona mkebe wangu akacheka. "Mama Njeri, hizi ni sarafu ama umetuletea kokoto tujenge?"

"Muache mama akae kwanza," Kamande akasema.

Akaleta seti yake. Sarafu saba tu kwenye kibao chenye vitundu. Akaanza kutueleza mambo yake ya seti ndogo, na lazima niseme ukweli, alieleza vizuri. Alisema anayetaka zote hatamaliza, na siku moja atanunua hata feki mradi ajaze nafasi. Alisema yeye mwenyewe aliwahi kuwa na mamia, akagundua kwamba ameacha kuziangalia, anaangalia tu nafasi zilizo wazi. "Chukua chache," akasema, "lakini ukiamshwa usingizini uweze kusema kila moja imetoka wapi."

Kisha akazipitia zake, moja baada ya nyingine. Hii alipewa na mwalimu wake. Hii aliipata siku mtoto wake alipozaliwa. Akafika ya tatu.

Ilikuwa na pembe tisa.

Niliiangalia mpaka macho yakaniwasha. Na yeye, aliyetoka kusema kila sarafu lazima iwe na hadithi, alisema tu, "Hii nitaeleza siku nyingine," akaenda kwa ya nne. Hakuniangalia. Nilitaka kuuliza hapohapo. Kitu kimoja kilinizuia: sikuwa na uhakika kwamba ningeitambua. Sarafu za aina moja zinafanana kama sare za shule. Nikajilaumu kwamba hiyo sikuiwekea alama mapema.

Basi nikaufungua mkebe wangu, kwa kishindo kidogo, na kuanza kuziweka kwenye taulo. Kamande akaokota ya kwanza, akaweka lenzi yake jichoni. Akaokota ya pili, na ya tatu. Niliona uso wake ukibadilika, nikafikiri, ndiyo, ameona alama, ameshikwa.

"Zimekwaruzwa," akasema taratibu. "Zote."

Mutua akasogea kuona. "Ai! Kwani si mzee ndiye alikuwa anatuhubiria hapa tushike sarafu kama yai? Kumbe nyumbani alikuwa anazilima na jembe!"

Wakacheka wote, isipokuwa Kamande. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka vile watu hucheka wakikumbuka mtu waliyempenda. Lakini walikuwa wanamcheka Baba Njeri.

Kamande akanieleza polepole kwamba sarafu ikishakwaruzwa imekwaruzwa, hakuna kuirudisha, na mkusanyaji yeyote ataipita. Kisha akauliza, "Mama, unajua ni nani alifanya hivi?"

Hapa ndipo ningependa kuacha kuandika.

Nilisema, "Labda ni yeye. Siku za mwisho hakuwa sawa."

Nilisema hivyo mbele ya marafiki zake. Mume wangu, ambaye akili yake ilikuwa nzima mpaka asubuhi ya siku aliyotuacha, aliyeniuliza kama nimefungia kuku na kama Njeri amefika kazini salama. Mtu aliyekuwa ananawa mikono kabla ya kufungua mkebe. Nikamvika kosa langu kwa sababu hawezi kukataa.

Mutua aliacha kucheka akasema, "Pole, mama. Sikujua." Hiyo pole iliniumiza kuliko kicheko.

Kamande alinisindikiza hadi getini. Alitaka kusema kitu, niliona. Nikamwambia nimechelewa.

Leo asubuhi amenitumia ujumbe. Anasema nisihuzunike kwa hiyo mikwaruzo, kwamba seti ya mtu si lazima impendeze mwingine. Halafu anasema, "Ukiwa tayari, njoo. Kuna hadithi ya mzee nimekuwekea." Nimeusoma mara nyingi. Nikiusoma kwa moyo mmoja naona mtu aliyepewa sarafu na rafiki yake anayekufa, na ambaye hakutaka kumwambia mjane wake mbele za watu. Nikiusoma kwa moyo mwingine naona mwizi anayepanga hadithi yake. Maneno ni yaleyale. Sijui mimi ni yupi kati ya hao wawili wanaosoma.

Mchana nimetandika taulo mezani nikajaribu lile zoezi lake, nione tu kama ni upuzi.

Ya kwanza niliiweka ile ya Uingereza, ya arusi ya kifalme. Hiyo niliikuta mimi, ndani ya bitana ya koti la mitumba nililoletewa kupunguza mikono. Mwenye koti alisema si yake, nikae nayo. Nikampa Baba Njeri, tukiwa hata hatujaoana. Ndiyo iliyoanzisha mkebe wote. Nilikuwa nimesahau.

Ya pili ni shilingi arobaini, ya miaka arobaini ya uhuru. Alirudishiwa kama chenji hapa dukani, akarudi mbio kuuliza kama wana zingine, na mwenye duka akaanza kuapa kwamba hesabu ilikuwa sawa. Ya tatu ni ya Tanzania, aliletewa na dereva wa lori kutoka Arusha ikiwa imefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Nikaweka ya nne, ya tano, ya sita.

Kisha nikashika zilizobaki, moja moja. Sijui chochote juu yake. Miaka yote hiyo alikuwa anakaa pale kwenye kiti cha dirishani akizigeuza, na mimi nilikuwa nasukuma cherehani, na sikumuuliza. Naweza kumaliza kurasa zote sita za daftari na bado nisijue.

Kwa hiyo nitasema hivi kwa yeyote atakayesoma haya, mwenye mkebe kama wangu: Kamande alisema kweli. Kusanya chache. Muulize mwenyewe hadithi zake akiwa bado anaweza kujibu. Kama Kamande ni mwizi, shauri hili bado ni zuri, nami nitalichukua.

Na zile arobaini na mbili hazitatawanyika. Hakuna atakayezitaka tena isipokuwa mimi. Nimeitimiza ahadi yangu kwa njia ya kipumbavu kabisa.

Lakini jina la Baba Njeri bado liko kwenye ile sebule, likiwa na mikwaruzo yangu. Hilo siwezi kuliacha mpaka mwezi ujao. Mutua atasimulia Kimbo nzima kwamba mzee wa watu alichanganyikiwa mwishoni.

Nimemjibu Kamande: nakuja Jumamosi hii, na tafadhali uwaite wenzako wote, hasa Mutua.

Nimekuwa nikijiuliza nianze na lipi. Nikianza kwa kuuliza pembe tisa ilitoka wapi, nitakuwa na nguvu, wote watamwangalia yeye. Nikianza kwa kukiri, sitakuwa na uso wa kumuuliza mtu yeyote chochote. Nimejaribu kupanga maneno ili niulize kwanza. Kila nikiyapanga namwona Baba Njeri akinawa mikono.

Nitaanza na langu. Nitaiweka ile sindano ya gunia juu ya taulo, niondoe mkono, nimwache Mutua aiokote.

Kisha nitaziweka zangu sita, na mahali pa saba pawe wazi. Sitauliza neno. Nitakaa nimwangalie Kamande mikono, nione kama itaigusa ile ya pembe tisa.