La Juu na la Chini

Hattie, nimetoka sasa hivi kutembeza wageni, lazima nikuandikie.

Nilikuwa pangoni na watoto wa shule kutoka Leeds, nawaambia yale ya kila siku. Stalaktiti ni jiwe linaloning'inia juu, stalagmiti ni lile linaloota chini. Kisha nikaenda ukutani kuzima taa waonje giza, unajua ninavyopenda.

Gizani kasichana kamoja, Edie, kakauliza, "Dada, na la juu likianguka linaitwaje?"

Nikacheka. Hattie, nilicheka. Nikamwambia, "Haya hayaanguki, mpenzi."

Kishindo. 

Nilipapasa swichi nikidhani nimeua mtoto. Taa ikawaka. Wote wazima. Jiwe limesambaratika pale pale nilipokuwa nimesimama nikifundisha.

Edie akalitazama, akanitazama. "Sasa linaitwaje?"