Data Tharsisi na Maradhi Yaliyofuata Sukari

Umeshatimia mwaka, Data, baba yetu Tharsisi Ndayisaba, tangu tulipokulaza Kagerankanda kando ya shamba lako la maharage.

Sukari mlishazoeana. Miaka mingi ulijichoma sindano yako asubuhi, ukanywa uji usiotiwa sukari, ukabeba jembe. Jioni ulifundisha kwaya. Watu wakikupa pole ulicheka: "Pole ya nini, kwani naumwa?"

Kilichokuchosha ni yale yaliyoifuata. Ilianza presha. Macho yakaingia ukungu. Kisha miguu ikafa ganzi, jembe likakukata kidole usijue, mpaka mama yetu Esteri alipoona damu kwenye ndala. Kidonda kile kilikataa kupona. Kila ugonjwa ulikuwa na siku yake ya kliniki na vidonge vyake. Ukawa mtu wa kupakiwa kwenye bodaboda, Kasulu na kurudi. Kwaya ukaacha. Hata kutania ukaacha.

Siku moja ulikisukuma kisosi cha vidonge. "Ndarushe," ulisema, yaani umechoka. Binti yako Dorcas akakufokea, kisha mkalia nyote wawili.

Muuguzi Mpawenimana ndiye aliyekuuliza, "Mzee, katika haya yote, lipi linakunyima raha zaidi?"

Tulidhani utasema kidonda.

"Siwezi kusimama nikaimbisha," ulimjibu.

Akakupangia kliniki zote siku moja. Waimbaji nao wakaja nyumbani. "Mwalimu, nani kasema lazima usimame?"

Pasaka ile uliimbisha umekaa kwenye kiti, mguu una bandeji. Sauti ya pili ilipokosea uliwakatisha mbele ya kanisa zima, wakarudia. Maradhi hayakuondoka, na figo nazo zikafuata. Ila kisosi hukukisukuma tena.

Nasi tulikuwa tumechoka, Data. Asubuhi baada ya maziko Mama aliamka kukuchemshia uji, akawasha moto, ndipo akakumbuka. Akarudi kulala mpaka jua likawa kali. Hakuna aliyemwamsha.

Unakumbukwa na mkeo Esteri, wanao Dorcas na Niyubahwe, wajukuu zako, ndugu zako wa Mabamba, na kwaya yako, ambayo bado inabishana juu ya sauti ya pili.

Pumzika, Data. Hutatutoka moyoni.